Watuhumiwa wa kimbari: London iamue sasa

Desemba 2006 polisi wa Uingereza waliwakamata wanaume wanne wenye asili ya Rwanda, wakitakiwa na Kigali wakajibu tuhuma za kushiriki mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Aprili 2009 Mahakama Kuu mjini London iliwaachia, ikasema wakipelekwa huko upo uwezekano wa kweli wa kunyimwa kabisa haki ya kusikilizwa. Mei 2013 walikamatwa tena, safari hiyo wakiwa watano. Desemba 2015 ombi la Rwanda lilikataliwa, na Julai 2017 Mahakama Kuu ikaitupa rufaa yake. Hadi leo hakuna mahakama ya Uingereza iliyomtia hatiani hata mmoja wao, wala iliyomsafisha.

Gazeti hili linasimama na majaji. Kifungu cha 6 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu kinamhakikishia kila mshtakiwa mahakama huru, dhana ya kutokuwa na hatia, na nafasi ya kuita mashahidi wake kwa masharti yaleyale wanayopewa wa upande wa mashtaka. Mwaka 2009 majaji walielezwa kwamba watu waliokuwa tayari kuwatetea watuhumiwa waliogopa kufungua mdomo, maana kufanya hivyo kungeweza kuwaletea tuhuma za kuupunguza uzito msiba wa kimbari. Kesi inayosikia upande mmoja tu haiwezi kumpa haki mshtakiwa, wala haiwezi kuwapa waliofiwa ukweli wanaousubiri. Ni kweli kwamba Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya mjini Strasbourg, Oktoba 2011, haikuona kizuizi Sweden ilipotaka kumrudisha mtuhumiwa wake Rwanda. London ilipima ushahidi uliokuwa mbele yake, ikafikia uamuzi wake, na uamuzi huo uheshimiwe.

Lakini anayekataa kumkabidhi mtuhumiwa amejitwika wajibu wa kumshtaki mwenyewe pale ushahidi unapotosha. Sheria ipo. Mwaka 2009 Bunge la Uingereza lilirekebisha sheria yake ya mwaka 2001 ili mkazi wa nchi hiyo aweze kushtakiwa kwa kimbari iliyotendwa popote tangu Januari 1, 1991. Polisi wa London walithibitisha mwaka 2019 kwamba wanazishughulikia tuhuma hizi. Wakati huo wenzao walikwisha kumaliza kazi: Ubelgiji ilitoa hukumu mwaka 2001, Finland 2010, Norway na Sweden 2013, Ufaransa na Ujerumani 2014. Nchi hizo zimefungwa na Kifungu cha 6 kilekile. Zilituma wapelelezi Rwanda, zikasikiliza mashahidi, zikawapa washtakiwa mawakili, kisha zikahukumu.

Uingereza haiwezi kudai kwamba kazi hiyo inaishinda. Mwaka 1999 mahakama ya Old Bailey ilimtia hatiani Anthony Sawoniuk, mzee aliyewahi kuwa mfanyakazi wa shirika la reli, kwa mauaji ya Wayahudi yaliyofanyika mwaka 1942. Juri ilisafirishwa hadi Domachevo, mji mdogo wa Belarus, ikakanyage yenyewe ardhi ambayo mashahidi walikuwa wakiisimulia. Ilikuwa imepita miaka 57.

Sawoniuk alipatikana akiwa bado na akili timamu. Kabla yake, Szymon Serafinowicz, mtu wa kwanza kushtakiwa chini ya Sheria ya Uhalifu wa Kivita ya mwaka 1991, alionekana Januari 1997 kuwa hawezi tena kusimama kizimbani kwa sababu ya maradhi ya kusahau. Alifariki mwaka huohuo, na kesi ikafa naye. Afrika Mashariki inalijua vizuri jambo hili kupitia Félicien Kabuga, mtuhumiwa wa kimbari ya Rwanda: alikamatwa karibu na Paris mwaka 2020, kesi yake ikaanza The Hague mwaka 2022, na mwaka 2023 kesi ikasimamishwa kwa muda usiojulikana kwa maradhi ya namna hiyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yanayoumia hapa ni ya mjane wa Butare aliyeona kwa macho yake, na ya mtuhumiwa ambaye huenda hana kosa lolote lakini anazeeka na doa asilopewa nafasi ya kulifuta.

Hasara nyingine inaupata Mkataba wenyewe. Oktoba 2025 chama cha Conservative kilitangaza kwamba kikirejea madarakani kitaitoa Uingereza ndani yake. Kila faili linalolala linawapa wenye hoja hiyo nafasi ya kusema Kifungu cha 6 ni maficho ya wahalifu. Si maficho. Lakini raia ataaminije hivyo asipoona kesi hata moja?

Idara ya Mashtaka itamke bila kuchelewa zaidi: iwafungulie mashtaka inaowaona wana kesi ya kujibu, na wengine iwaeleze rasmi kwamba ushahidi haukutosha. Serikali itenge fedha za wapelelezi na wakalimani. Kigali nayo iwahakikishie kwa maandishi mashahidi wa utetezi kwamba hawataandamwa. Nalo Bunge liwaite wakuu wa polisi na wa mashtaka, liwaulize hadharani ni mashahidi wangapi wamehojiwa, wangapi wamekwisha kufa kabla ya kuhojiwa, na faili liko mezani kwa nani.