Mche Uliopinda Si Mbegu Mbaya



Kila masika yakaribiapo, husikika lawama zile zile katika vitalu vya mikarafuu: "Miche hii imepinda, mbegu yake mbovu." Mnunuzi huiacha, na mwenye kitalu huitupa. Naona mbegu twailaumu bure. Aghalabu kosa ni la kivuli.

Yafaa tujue mche hupindaje. Mwaka 1880 Charles Darwin wa Uingereza na mwanawe Francis walieleza majaribio yao juu ya machipukizi ya nyasi. Ncha ya chipukizi ilipovikwa kofia isiyopitisha mwanga, chipukizi halikupinda. Ilipoachwa wazi, likaufuata mwanga. Mwaka 1928 Mholanzi Frits Went alionyesha kwamba katika ncha hiyo hutoka kitu cha kukuza, ambacho leo huitwa auksini, nayo ni homoni ya mimea. Mwanga ukija upande mmoja tu, auksini huzidi upande wenye giza. Upande huo hurefuka kuliko mwenziwe, basi mche huinamia kwenye mwanga.

Sasa tazameni vitalu vyetu. Kimoja kimebanwa na ukuta, kingine kimewekwa ukingoni mwa kivuli cha mwembe. Ni kweli mkarafuu mchanga hauwezi jua kali, walakini mwanga wa upande mmoja nao haufai. Na giza likizidi, shina huwa refu na jembamba, na mche ukitolewa juani ghafula huungua.

Kwa hiyo nashauri hivi. Makuti ya kivuli yawekwe juu, yaenee sawasawa kote. Viriba vigeuzwe kila baada ya siku chache. Makuti yapunguzwe kidogo kidogo kabla ya miche kwenda shamba. Na mche mchanga ulioinama, wenye mizizi mizima na majani mazuri, usitupwe bali ugeuzwe. Samaki mkunje angali mbichi. Shina likishakuwa gumu, pindo halitoki.

Wako watakaosema kazi hiyo ni nyingi. Lakini mkarafuu hungojewa miaka 6 hadi 8 ndipo uanze kuzaa. Aliyepanda mche dhaifu ukafa hupoteza na miaka aliyoungoja, na hiyo hainunuliki. Kugeuza viriba ni kazi ya asubuhi moja.

Mwenye maoni mengine na ayalete, tupate kusaidiana.