MWILI WETU: Taya Lililokataa Kufungwa

Alfajiri moja hapa Mwamgongo wanawake waliokuwa ufuoni wakingoja mashua za dagaa walikuja mbio mlangoni pangu. "Mwalimu, njoo, bibi amelogwa!" Nalimkuta mwanamke mzee ameketi mchangani, kinywa wazi, mate yakimchuruzika, hawezi kusema. Alikuwa amepiga mwayo tu, na kinywa hakikurudi. Kijana mmoja alikuwa akimsukuma kidevu juu kwa nguvu zake zote, naye bibi akilia kwa maumivu. Nami naungama kwamba sikujua la kufanya, nalidhani amepooza.

Basi leo na tulitazame taya. Weka kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, ufungue kinywa polepole. Utasikia kitu kikiondoka chini ya kidole. Hicho ni kichwa cha taya la chini, kimoja kila upande. Kimekaa katika shimo dogo la fuvu, na baina ya mifupa hiyo pana gegedu, kama mto mdogo, ili mfupa usisagane na mfupa. Mlango huzunguka tu katika bawaba zake. Taya hupita hapo. Kwanza huzunguka, kisha kinywa kikizidi kupanuka, kichwa cha mfupa pamoja na gegedu lake huteleza mbele, chini ya kilima kidogo cha mfupa.

Sasa uma meno, ushike shavu karibu na pembe ya taya. Msuli unaokuwa mgumu hapo umeshuka kutoka kitefute. Shika na panja: msuli wa pili umetanda pale kama upepeo, nao hupita nyuma ya kitefute hata kulifikia taya. Wa tatu umejificha upande wa ndani. Hiyo mitatu hufunga kinywa. Wa nne, ulio mdogo, ndio uvutao kichwa cha taya mbele. Misuli ya kufunga ina nguvu nyingi kuliko ya kufungua, na kila mama aliyejaribu kumnywesha mtoto dawa chungu ajua neno hili. Sokwe wa Gombe, jirani zetu, wanayo misuli hiyohiyo. Tena fuvu la kale aliloliona Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959 lina ukingo wa mfupa utosini, mahali misuli ya panja za pande mbili iliposhikana. Mwenye fuvu hilo alikuwa mtafunaji kutupita sisi wala ugali wa muhogo.

Na nguvu hizo ndizo zilizomfunga bibi yetu. Kichwa cha taya kilikuwa kimevuka mbele ya kile kilima. Misuli ikashtuka, ikakaza, ikakivuta juu, na kilima kikazuia njia ya kurudi. Yule kijana alikuwa akikibana zaidi.

Tulimpeleka Kigoma kwa mashua. Mganga wa hospitali alimketisha, akafunga vidole gumba vyake kwa kitambaa, akaviweka juu ya magego ya chini, akakandamiza chini polepole, kisha nyuma. Taya likarudi kwa mlio. Kitambaa ni cha nini? Kinywa hufumba ghafula, na gumba bado zimo ndani! Bibi akaagizwa kula uji na vyakula laini, na kila apigapo mwayo ategemeze kidevu kwa mkono. Ninyi msijaribu kazi ile nyumbani, maana huenda mfupa umevunjika, hasa kwa mtu aliyeanguka au kupigwa. Mketisheni, mfuteni mate, mwondoke siku ileile, kwani misuli huzidi kukaza.

Walakini kinywa kisichofunguka ni jambo lingine, nalo ni la kutisha zaidi. Mtu mwenye jeraha, hata dogo la mwiba, akiona baada ya siku kadhaa taya linakaza, huenda ni pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni, na sumu yao mara nyingi hushika misuli ya kutafuna kabla ya mingine. Chanjo yake ipo, na mama mwenye mimba huchanjwa ili kumlinda na mtoto. Na mtoto mchanga aliyekuwa akinyonya vema, kisha akaacha, kinywa kimekaza, asingojewe asubuhi. Mashua itafutwe usiku uleule.