Mwenyeji wa jana, mgeni wa leo: kujitolea kunahitaji nini Nyamirambo?

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Mto Sebeya ulifurika wilayani Rubavu, na milima ikaporomoka Rutsiro, Karongi, Ngororero na Nyabihu. Watu zaidi ya 130 walifariki, nyumba zaidi ya 5,000 zilibomoka, na maelfu ya watu walihifadhiwa kwenye vituo vya muda.

Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Wakazi wengi wa Goma walivuka mpaka usiku kuingia Rubavu, wakiwa na watoto na vitu vichache walivyoweza kubeba. Walipokelewa. Kwa hiyo wilaya iliyopokea wageni mwaka 2021 ndiyo iliyohitaji msaada mwaka 2023.

Hili linakuhusu wewe unayeishi Nyamirambo, uwe mwenyeji au mkimbizi. Mtaa wetu umejengwa juu ya miteremko, na kila msimu wa mvua zipo familia zinazolala kwa hofu. Pia tunaishi hapa na watu wengi waliokimbia makwao, wakiwemo Warundi waliofika tangu mwaka 2015 na Wakongo. Tumezoea kusema mwenyeji ni wa kutoa na mkimbizi ni wa kupokea, lakini Rubavu inatufundisha kwamba zamu hubadilika. Aliyewahi kupoteza nyumba anajua mambo ambayo hayaandikwi kwenye orodha ya msaada.

Wiki ya kwanza na mwezi wa pili

Maafa yanapotokea, wiki ya kwanza watu ni wengi. Redio zinatangaza, nguo zinakusanywa, magari yanafika. Mwezi wa pili wageni wanapungua, lakini shida haijaisha. Kitambulisho kimepotea, mtoto hana sare ya shule, mama hajui aende ofisi gani. Hapo ndipo anayejitolea anahitajika zaidi, na mara nyingi hahitaji pesa nyingi. Unaweza kumsindikiza jirani hadi ofisi ya umurenge, kumtafsiria kati ya Kiswahili na Kinyarwanda, au kumlelea watoto anapotafuta chumba cha kupanga.

Ukitaka kusaidia, fanya hivi

Anza na kiongozi wa mudugudu wako. Yeye anajua nyumba ipi imebomoka na nani amehamia kwa nani. Msaada usiopita popote huwafikia wenye sauti kubwa, na mzee aliyekaa kimya hukosa. Ukitaka kujitolea kwa muda mrefu, uliza kuhusu Msalaba Mwekundu wa Rwanda, ambao una watu wa kujitolea nchini kote. Katika ngazi ya taifa, maafa yako chini ya MINEMA, wizara ile ile inayoshughulikia masuala ya wakimbizi.

Uliza kabla ya kutoa. Nguo kuukuu hujaa haraka, huku sabuni, ndoo, sufuria, mikeka na taulo za kike zikikosekana.

Usikimbilie kuchimba kwenye mteremko uliokwisha poromoka. Udongo uliolowa huweza kushuka tena. Piga 112 kwa polisi au 912 kwa gari la wagonjwa, kisha wasaidie watu kusogea mbali.

Usipige picha za waliopoteza nyumba na kuzisambaza bila ruhusa yao. Fikiria kama angekuwa mama yako.

Linda haki yako pia

Mtu anayeishi kwa kibarua cha siku akijitolea siku nzima, jioni nyumbani kwake hakuna chakula. Ni haki kuuliza mapema kama kuna nauli na chakula, na si aibu kusema una saa mbili tu. Ukiambiwa ulipe ili uandikishwe, au umwachie mtu kitambulisho chako cha mkimbizi, kataa na umwambie kiongozi wa mudugudu. Wala usikubali ahadi kwamba kujitolea kutakupatia safari ya kuhamia nchi ya tatu. Kujitolea hakuna uhusiano na jambo hilo.

Kazi inaanza kabla ya mvua

Mvua kubwa kwa kawaida huja kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Mfereji ulioziba taka ni hatari kwa nyumba iliyo chini yake. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni nafasi ya kuuzibua, na wakimbizi na wenyeji wote wanashiriki. Kabla ya mvua zijazo, zungumza na majirani zako wawili au watatu: nani ataamsha wengine usiku, nani atambeba mzee asiyeweza kutembea, na nyumba ya nani iko mahali salama pa kukimbilia.

Mazungumzo hayo hayagharimu hata faranga moja. Yafanyeni jua likiwa bado linawaka.