Kiti Kimoja, Tiketi Mbili

Ukiona konda anakuita "bosi" kabla basi halijatoka stendi, jua kiti chako kina mwenyewe mwingine.

Wenzetu wa ndege huuza tiketi kuzidi viti makusudi, wakijua wapo wasiotokea. Wakitokea wote, wananadi: nani anashuka kwa fidia? Aprili 2017, pale Chicago, United walifika dola 800, hakuna aliyenyanyuka. Wakachagua wenyewe, na Dk. David Dao akaburutwa na walinzi wa uwanja mpaka damu zikamtoka. Ulaya, sheria ya 2004 inampa anayeachwa bila hiari yake euro 250 hadi 600.

Huku Mbeya mnada upo, ila wa kienyeji. Basi la alfajiri kwenda Dar, kampuni siitaji, kiti namba 14 kina tiketi mbili: yangu na ya mama mmoja anayewahi mazishi Iringa saa tisa. Mie nilikuwa nakwenda kusalimia tu. Konda akanifuata mimi. Elfu tano, nikauchuna. Elfu kumi, nikamtazama mama. Yeye hakutajiwa hata senti, alionyeshwa ndoo pale katikati akalie mpaka Makambako! Eti kwa vile hapigi kelele.

Nikashuka kwa hiyo elfu kumi, taslimu, na kiti cha basi la saa tatu kikaandikwa kwenye tiketi kabla sijagusa ngazi. Ya "tutamalizana Iringa" sikuitaka. Mama akakaa dirishani.

Ile ndoo, kwa taarifa yenu, ilipata mteja mwingine kabla basi halijaondoka.