Somo la Mogadishu na Waliolilipia

Tangu mji wa El Fasher ulipoangukia mikononi mwa wapiganaji wa RSF mwezi Oktoba 2025, baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, swali moja limekuwa likirudi misikitini na barazani kwetu: mataifa yenye majeshi na ndege yako wapi? Mbona hawaendi kuwaokoa ndugu zetu wa Darfur?

Ni swali la haki. Lakini tukumbushane kwamba walinda amani walikuwepo hapo hapo. Makao makuu ya kikosi cha UNAMID yalikuwa El Fasher kwa miaka mingi, na vijana wetu wa JWTZ walikuwa miongoni mwao. Saba waliuawa kwa kuviziwa tarehe 13 Julai 2013, Mwenyezi Mungu awape subira familia zao. Kikosi kilimaliza muda wake tarehe 31 Desemba 2020, na Aprili 2023 Sudan ikawaka moto upya.

Kwa maoni yetu, anayetaka kujua kwa nini dunia inasitasita leo lazima arudi Somalia ya mwaka 1992 na 1993. Huko ndiko serikali kubwa zilikopata somo ambalo bado zinalifuata, na sisi tunaona walijifunza vibaya.

Somalia si ugenini kwa watu wa visiwani. Barawa ni mji wa jamaa zetu. Chimiini chao ni Kiswahili, na Sheikh Uways al-Barawi ni mmoja wa walioieneza Qadiriyya hapa Unguja. Utawala wa Siad Barre ulipoanguka Januari 1991, Wabarawa wengi walipanda majahazi wakakimbilia Mombasa. Waliobaki Baidoa na mabonde ya Juba na Shabelle walikutwa na njaa. Ukame ulikuwepo, lakini wenye bunduki ndio waliopora maghala na kuzuia malori ya chakula. Makadirio ya kawaida ni kwamba walikufa watu zaidi ya laki mbili.

Tarehe 9 Desemba 1992 wanamaji wa Marekani walipanda ufukweni Mogadishu usiku, wakakuta taa za kamera za televisheni zinawasubiri. Kikosi kilifikia askari wapatao 37,000 kutoka nchi zaidi ya 20. Na hapa lazima tuseme kweli: mwanzoni kilifanya kazi. Barabara zilifunguliwa na chakula kikafika Baidoa. Aya ya 32 ya Suratul Maida inafahamika kwa kila mmoja wetu, na uhai uliookolewa haupungui thamani kwa sababu hatuupendi mkono uliouokoa.

Mambo yaliharibika walipowapa kisogo wazee wa koo. Mwanadiplomasia wa Algeria, Mohamed Sahnoun, aliyekuwa mjumbe wa Umoja wa Mataifa mwaka 1992, alikuwa akiendea suluhu kwa kuzungumza nao mmoja mmoja. Aliulaumu Umoja huo hadharani kwa kuchelewa, na Oktoba mwaka huo akajiuzulu. Mei 1993 kazi ikashikwa na UNOSOM II. Tarehe 5 Juni waliuawa askari 24 wa Pakistan, Waislamu wenzetu waliokwenda kulinda chakula. Lilikuwa jinai kubwa, na hatulitafutii udhuru. Jibu likawa kumsaka Jenerali Aidid na kutangaza dola 25,000 kwa atakayewezesha kukamatwa kwake. Mpatanishi akageuka upande mmoja wa vita.

Kisha ikaja tarehe 12 Julai. Helikopta za Marekani zilipiga makombora nyumba walimokutana wazee wa Habar Gidir, na kwa simulizi nyingi walikuwemo waliotaka mazungumzo. Wasomali walisema wamekufa zaidi ya 70. Msalaba Mwekundu ulihesabu 54. Umoja wa Mataifa ulitaja idadi ndogo zaidi. Umati wenye hasira uliwaua waandishi wanne waliofika kuripoti tukio, wawili kati yao Wakenya, wasio na hatia yoyote.

Watu wengi wanaijua tarehe 3 Oktoba 1993, kwa sababu ilitengenezewa filamu: helikopta mbili zikaangushwa, Wamarekani 18 wakauawa. Mamia ya Wasomali waliokufa katika mapigano hayo hawana filamu yao. Lakini mtu akiuliza mji wa Mogadishu uligeuka adui lini, sisi tungemwelekeza Julai.

Serikali zilitazama Oktoba tu. Somo walilochukua lilikuwa jepesi: usipoteze askari. Siku mbili baada ya mapigano yale, tarehe 5 Oktoba, Baraza la Usalama likaunda kikosi cha Rwanda, kidogo na chenye silaha chache. Siku chache baadaye meli ya kivita ya Marekani iligeuza njia Haiti kwa sababu kundi la watu lilikuwa likipiga kelele bandarini.

Waliopanga mauaji ya Rwanda nao walikuwa wamejifunza. Januari 1994 Jenerali Dallaire alipeleka taarifa New York kwamba upo mpango wa kuwaua askari wa Ubelgiji ili nchi yao iwaondoe wote. Tarehe 7 Aprili wakauawa kumi, na Ubelgiji ikaondoka. Tarehe 21 Aprili Baraza likapunguza kikosi hadi watu 270, damu ikiwa inamwagika. Tarehe 3 Mei Rais Clinton akatia saini masharti magumu mapya ya kushiriki kulinda amani. Wakafa watu wapatao laki nane. Watu robo milioni walivuka kuingia Ngara kwa siku moja hivi. Waislamu wengi wa Rwanda, watu wa Nyamirambo na kwingineko, waliwaficha majirani zao bila jeshi wala azimio.

Srebrenica ilifuata Julai 1995. Umoja wa Mataifa uliomba askari 34,000 kwa maeneo yaliyoitwa salama, wakakubaliwa 7,600. Wanaume na wavulana wa Kiislamu wapatao 8,000 waliuawa.

Katika sira kuna kisa kinachotupa kipimo kingine. Baada ya Fat-hu Makka, Mtume (S.A.W.) alimtuma Khalid bin Walid (R.A.) kwa Bani Jadhima kuwalingania. Wale watu walitamka kusilimu kwao kwa neno lisiloeleweka vizuri, Khalid akalifahamu vingine, wakauawa watu. Habari ilipofika, Mtume (S.A.W.) alijitenga waziwazi na kitendo kile, kama ilivyo katika Bukhari. Wanazuoni wa sira wanaeleza kwamba kisha alimtuma Ali (R.A.) na mali, akalipa diya ya kila aliyeuawa na kila kilichoharibika, hata chombo cha kunyweshea mbwa, na kilichobaki akawaachia kwa ajili ya yale wasiyoyajua. Ulinganiaji haukusimamishwa, wala Khalid hakuvuliwa uongozi. Waliodhurika ndio waliotangulizwa, na walilipwa haraka, kabla hawajaanza kudai.

Tulinganishe. Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti za kukiri makosa ya Rwanda na Srebrenica mwaka 1999, miaka minne na mitano baadaye. Kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoingia Mogadishu mwaka 2007, kikiongozwa na Waganda, nacho kilirusha mizinga iliyoangukia soko la Bakara kabla hakijaweka masharti makali ya mizinga na, baadaye, kitengo cha kuorodhesha raia waliodhurika. Hayo ni maendeleo, na kikosi hicho hakikukimbia kilipopoteza askari wake. Lakini orodha ya waliodhurika haijawa diya, na Wasomali wanajua tofauti yake vizuri kuliko majenerali.

Kwa hiyo tunapodai kikosi kwa ajili ya Darfur, tudai pamoja nacho majina ya wazee watakaoketi na wapatanishi, na mfuko wa fidia uliojazwa kabla risasi ya kwanza haijapigwa. Ama hukumu ya kuomba msaada wa jeshi lisilo la Kiislamu dhidi ya Waislamu wanaodhulumu, hiyo ina khitilafu ya wanazuoni tangu zamani, na tumewaachia masheikh waijibu kwa dalili zake.

Wallahu a'lam.