Hiyo "13 kwa lita" ilipimwa wapi?

Wasee, leo tuongee kuhusu namba moja: kumi na tatu. Ingia yadi yoyote ya magari uulize Prado ya dizeli inakula aje, utaambiwa inafanya 13 kwa lita. Fungua TikTok, kuna kijana amesimama kando ya Prado ya kuazima anasema 13. Hadi fundi atakuambia 13, tena kwa sauti ya mtu amechoka kuulizwa. Mimi sidhani wote ni waongo. Nadhani wamerudia hiyo namba mpaka hakuna mtu anakumbuka ilitoka wapi.

Tuanze na mwenye aliunda gari. Prado ya dizeli ya 2.8 ilianza kuuzwa Japani mwaka wa 2015, na ndiyo unaona ikishuka sana bandarini Mombasa sai, kwa sababu sheria yetu haikubali gari la mtumba lililopita miaka minane. Toyota wenyewe, kwa kipimo cha Japani kinachoitwa JC08, waliandika 11.8 kwa lita. Na JC08 si barabara, ni maabara. Gari limefungwa juu ya rola, hakuna upepo, hakuna mlima, hakuna matatu ya kukukata mbele, AC imezimwa, kasi ya juu kabisa ni kama 82, na kila kitu kinaisha kwa dakika 20. Baadaye Japani ikaleta kipimo kigumu kidogo, WLTC, na Prado ya 2020 ikaandikiwa 11.2. Sasa niambie: gari ambalo halikufika 12 likiwa limefungwa ndani ya chumba limefikaje 13 Outering Road saa kumi na moja jioni?

Na si Japani peke yake. Huko Ulaya kuna shirika la utafiti linaitwa ICCT, lile ambalo kazi yake ilisaidia kufichua kashfa ya dizeli ya Volkswagen mwaka wa 2015. Walilinganisha namba za maabara na za watu wanaoendesha kila siku. Magari ya 2001, tofauti ilikuwa karibu asilimia 9. Kufika 2015 ilikuwa imepita asilimia 40. Yaani magari yalizidi kuwa mazuri kwa karatasi kuliko barabarani.

Hii kitu inaniuma juu cuzo wangu ako karibu kuchukua mkopo wa sacco anunue Prado ya 2.8, ya kukodisha harusini na kupeleka wageni Mara. Amepiga hesabu yake yote na 13. Mimi nikamwambia, tujaribu na 8, ambayo kwa gari lenye uzito wa zaidi ya tani mbili, likifanya town na safari, haiko mbali na ukweli. Anatarajia kilomita 2,500 kwa mwezi. Kwa 13, hizo ni lita 192. Kwa 8, ni lita 312. Hata tukisema dizeli ni 170 tu, ni zaidi ya ngiri ishirini kila mwezi ambazo hakuwa ameziona. Kwa mwaka ni karibu robo milioni. Na sacco haitajali kwamba kuna mtu alimdanganya yadi.

Halafu fikiria hiyo kazi yenyewe ya Mara. Unashuka Mai Mahiu ukiwa na raha, mafuta hata hayashuki. Ukifika mbugani unatembea kilomita kumi na tano kwa saa, gia ya chini, halafu simba wamelala chini ya mti na wageni wanataka AC, kwa hivyo injini inanguruma nusu saa bila kusonga. Injini kubwa ya dizeli ikiwa imesimama na AC imewaka inaweza kuchoma kitu kama lita moja kwa saa. Hiyo ni lita ya kilomita sufuri. Jam ya Mombasa Road ni hivyo hivyo, ukitoa simba. Na jioni ile Mai Mahiu ya raha inakuwa mlima.

Kuna hadithi nyingine naipenda, ya "nilienda Mombasa na nusu tangi". Buda, hukuenda Mombasa, uliteremka Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Ukipiga hesabu ya fizikia ya form three, kuinua gari la tani mbili na nusu, pamoja na watu na mizigo, hadi huo urefu kunahitaji kama lita tatu za dizeli za kupanda tu, ukiacha za kwenda mbele. Sehemu kubwa ya hizo lita unazihepa ukishuka, na unazilipa ukirudi. Kwa safari ya kilomita 480 hivi, hiyo peke yake inaweza kutenganisha 10 na 11 na kitu. Na unajua mtu anapost gani. Ya kurudi hakuna mtu amewahi kupost.

Kasi nayo tusiseme sana. Upepo unaosukuma gari ukiwa 110 ni karibu mara mbili ya ukiwa 80, na Prado ina uso kama kabati. Ongeza keria juu na taa kubwa mbele, hapo umejinunulia upepo zaidi kwa pesa yako.

Sitaki mtu aseme nachukia dizeli. Linganisha Prado na Prado. Ile ya petroli ya 2.7, kwa kipimo hicho hicho cha Japani, iko karibu 9, na ya dizeli ni 11.8. Lita ya dizeli ina nguvu zaidi ya lita ya petroli, na injini yake inaitumia vizuri zaidi, hasa ikiwa imebeba mzigo. Kama unavuta trela, kama unaishi mahali barabara ni mawe, kama mko watu saba kila siku, dizeli imeshinda na hatubishani. Lakini "inakula kidogo kuliko Prado ya petroli" si sawa na "inakula kidogo". Hapo ndipo wengi hupotelea. Mtu ametoka kwa Vitz anadhani neno dizeli litambebea tani mbili bure.

V8 nimeziacha nje makusudi. Land Cruiser 200 ya dizeli yenye tangi mbili inabeba lita 138. Oktoba 2023, dizeli ikiwa 205.47 Nairobi, kuijaza ilikuwa zaidi ya 28,000 mara moja. Wengi mnaowaona ndani ya hizo hawajui inafanya ngapi kwa lita, na hawana haja ya kujua, juu mwenye kulipa ni wewe na mimi.

Kuna kitu hizi namba za kwa lita huficha. Kutoka 6 hadi 8 kunaonekana ni kitu kidogo, na kutoka 14 hadi 18 kunaonekana ni kubwa. Sasa hesabu kwa kilomita 100. Wa kwanza ameokoa lita 4.2. Wa pili ameokoa 1.6. Kwa hivyo mwenye gari kubwa ndiye anafaa kuangalia presha ya tairi, kutoa keria na kutuliza mguu, kuliko hata mwenye Vitz. Na ndiye hawezi kukubali namba ya mdomo.

Kupima ni rahisi. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita. Endesha maisha yako ya kawaida. Rudi petroli stesheni ile ile, pampu ile ile, ijaze tena mpaka ikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Fanya tangi tatu. Usiamini dashibodi, mara nyingi inakupendelea. Na kama umeweka tairi kubwa kuliko za kampuni, jua gari linatembea mbali kuliko mita inavyohesabu, kwa hivyo sahihisha kwanza.

Kabla cuzo asaini, nataka namba za watu wa kweli. Kama kwenu kuna Prado, Fortuner, Pajero ama V8 ya dizeli, nitumie: injini gani, mnakaa wapi, kilomita ngapi, lita ngapi. Safari iwe ya kwenda na kurudi. Ya kushuka Mombasa peke yake siihesabu.