Nywila zote zisifungiwe ndani ya simu moja

Wazazi wengi siku hizi wamehamishia nusu ya nyumba kwenye simu. Nywila ya mfumo wa shule, ukurasa wa kulipia ada, akaunti ya bima ya afya, hata tovuti ambayo mtoto anapata mitihani ya zamani, vyote vimehifadhiwa kwenye kivinjari kama Chrome. Simu inakumbuka kila kitu, mzazi hakumbuki chochote. Siku simu ikiibwa stendi au ikizimika safarini, ndipo presha inapopanda.

Taarifa hizo si lazima zipotee. Kama usawazishaji ulikuwa umewashwa, nakala ya alamisho, historia na nywila ipo kwenye akaunti ya Google. Mzazi akinunua simu nyingine na kuingiza akaunti yake, vitu hivyo hurudi. Kama haukuwashwa, kilichokuwa kwenye simu tu kimekwenda na simu.

Tatizo liko mlangoni. Nywila ya akaunti yenyewe mara nyingi inajulikana na simu iliyopotea tu, na ujumbe wa kuthibitisha unatumwa kwenye laini iliyokuwa ndani ya simu hiyo. Ni sawa na kufunga mlango na kuacha ufunguo ndani. Nchini Tanzania laini husajiliwa kwa alama za vidole, hivyo kuirudisha kunamtaka mwenyewe afike kwa mtoa huduma. Mzazi aliyempeleka mtoto India kwa matibabu hawezi kufanya hivyo, na wakati huohuo hospitali inataka majibu ya vipimo yaliyo kwenye barua pepe yake.

Dawa yake ni maandalizi ya kabla ya safari. Kwanza, nywila ya akaunti ya Google ikaririwe, au iandikwe na kutunzwa mahali salama nje ya simu. Pili, anayetumia uthibitishaji wa hatua mbili anaweza kuchukua namba 10 za akiba kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti. Kila namba ina tarakimu 8 na hutumika mara moja tu. Ziandikwe kwenye karatasi isiyokaa mkoba mmoja na simu, na nakala abaki nayo mwenza nyumbani. Tatu, simu ya zamani iliyobaki nyumbani ikiwa bado ina akaunti hiyo, mwenza anaweza kubonyeza kukubali pale mzazi anapoingia akiwa mbali. Akubali tu baada ya kusikia sauti ya mwenzake, kwa sababu matapeli nao huomba vibali kama hivyo.

Kifaa cha kuazima kina utaratibu wake. Kwenye kompyuta ya shangazi au ya mapokezi ya hoteli, usawazishaji usiwashwe kabisa. Ukiwashwa, nywila zote za familia zinahamia pale, na binamu akifungua ukurasa wa benki huenda akakuta sehemu za kujaza zimeshajazwa. Hata anachoperuzi yeye kitaonekana kwenye historia ya mzazi. Njia salama ni kufungua Chrome kwa Hali ya Mgeni, kwenda passwords.google.com, kuangalia nywila moja inayohitajika, kisha kufunga dirisha. Kwenye simu ya kuazima, dirisha fiche linafaa, mradi lifungwe baada ya kazi.

Akishaingia, jambo la kwanza ni kufungua orodha ya vifaa kwenye mipangilio ya usalama na kuiondoa simu iliyopotea kwenye akaunti, kisha kubadili nywila ya akaunti. Hilo lifanyike kabla ya kutafuta picha au namba za watu.

Jioni moja kabla ya safari, wazazi wanaweza kufanya jaribio. Simu ya anayesafiri izimwe, kisha ajaribu kuingia kwenye akaunti yake kwa kompyuta nyingine, kwa kutumia kichwa chake na karatasi tu. Akikwama, heri akwame sebuleni, simu yake ikiwa mezani na mwenzake yuko pembeni.